Kifo cha Mume wa Wajina

Naandika haya kwa kibali, na kibali ninacho, kimegongwa mihuri mitatu na mmojawapo ni wa kwangu mwenyewe. Mimi ni mjumbe wa nyumba kumi katika mtaa wetu, kazi ambayo nimeifanya miaka kumi na tisa bila kosa lolote linalojulikana. Nchi yenyewe sitaitaja. Haipendi kutajwa na watu wadogo, na mimi ni mtu mdogo. Nitasema tu kwamba ni nchi ya amani, ina bendera, ina Rais wa Kudumu, na ina Wizara ya Wajina, ambayo nasikia hakuna nchi nyingine duniani iliyo nayo.

Wizara hiyo ilianza hivi. Rais wetu wa Kudumu alialikwa Uingereza kwenye karamu ya bustanini, na huko akawaona wanawake wa ukoo wa kifalme. Mvua ilikuwa inanyesha. Wale mabibi walisimama mvuani na kofia zao za manyoya, wakatabasamu, wakamuuliza kila mgeni kama ametoka mbali, na hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba visigino vyake vinazama kwenye nyasi. Rais alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine kabisa. Alilihutubia Bunge kwa saa nne.

"Waheshimiwa," alisema, "nimewaona wanawake! Wanatembea kama watu wasiosubiriwa na chungu jikoni! Wanapunga mkono bila kumwita mtu! Wetu akipunga mkono, ujue anamwita muuza samaki. Nauliza, sisi tumekosa nini?"

Wabunge walilia. Mmoja alizimia, akazinduliwa, akapandishwa cheo.

Ikaonekana kwamba kuwapata mabibi wenyewe haiwezekani, kwa kuwa wana kwao. Hapo ndipo Mheshimiwa Kasiano Mbogoni, wakati huo naibu wa jambo fulani dogo, aliposimama na kuikumbusha nchi mila yake ya wajina. Kwetu sisi mtu mwenye jina lako si mtu baki. Ni wajina wako. Akioa unapeleka kuku, akiugua unakwenda kumtazama, akifiwa unakaa naye matangani. Basi, alisema Mheshimiwa Mbogoni, tuwatafute wanawake wetu wenye majina ya wale mabibi, na kila mmoja aishi kama wajina wake anavyoishi, kadiri hali ya hewa itakavyoruhusu. Uzuri wote wa kule utakuwa umeingia huku bila kupitia forodhani. Sheria ilipita siku ile ile, na Mheshimiwa Mbogoni akawa Waziri.

Wajina walipatikana watano nchi nzima. Mmoja alikuwa mtaani kwangu, nyumba ya saba.

* * *

Jina lake ni Ementruda binti Shomvi. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, mtu mwenye mapenzi makubwa na redio, na siku mkewe alipojifungua redio ilitangaza kuwa Uingereza amezaliwa binti mfalme aitwaye Ementruda. Mzee akalibeba jina lile kama lilivyo. Mtaani tulimwita Bi Truda. Alikuwa anakaanga mihogo barazani kwake, na kicheko chake ukikisikia ulikuwa unacheka kwanza halafu ndipo unauliza kuna nini.

Wizara ilimpeleka Chuo cha Kupunga Mkono kwa wiki sita. Alirudi na cheti na bega linalouma. Walimletea kofia yenye manyoya ya jogoo, kwa kuwa yale ya Uingereza yaliliwa na mende bandarini. Binti mfalme alikuwa na mbwa wawili, lakini nyumba ya Bi Truda haifugi mbwa, kwa hiyo alipewa mbuzi wawili waliofundishwa kuitika majina ya wale mbwa. Badala ya farasi alipewa punda. Kila siku saa kumi jioni alikunywa chai akiwa amekaa wima, na slesi ndogo za mkate zenye tango ndani, na sisi majirani tuliruhusiwa kusimama kwenye ua na kumstaajabia. Mihogo alikatazwa, na kicheko kikapunguzwa hadi meno manne.

Msidhani mtaa ulichukia. Tuliona fahari. Mke wangu alibandika ukutani picha za wale mabibi wa Uingereza kutoka magazetini, mpaka ukuta wenyewe ukasahaulika ulikuwa wa rangi gani, na akitoka kuchota maji alikuwa anatembea polepole kama wao. Maji yalichelewa, lakini nyumba yetu ilikuwa na heshima.

Kwa bahati njema binti mfalme alikuwa ameolewa, kwa hiyo Hamduni, mume wa Bi Truda, aliruhusiwa kuendelea kuwa mume. Hamduni alikuwa fundi bati, mtengeneza majiko na ndoo, mtu mpole mwenye alama za moto mikononi. Binti mfalme alikuwa na mtoto mmoja wa kike, na wao walikuwa na Zena wao mmoja, kwa hiyo hapo pia hesabu ilikubali. Walipoomba wa pili, waliandikiwa barua kwamba wasubiri Uingereza ianze.

Walisubiri. Nilikuwa nawaona jioni, Wizara ikishaondoka, wamekaa kwenye ngazi ya mlango wakimenya muhogo mmoja kwa siri. Bi Truda alikuwa anamsimulia mambo ya chuoni, na Hamduni anacheka mpaka anashika mbavu. Sikuwaripoti. Hilo naliandika hapa kwa mara ya kwanza.

* * *

Siku moja baada ya mume wa binti mfalme kuanguka kutoka kwenye farasi na kufariki, Hamduni alikuwa juu ya paa lake akiziba tundu. Nilifika na Afisa Itifaki wa Wizara, Bi Leokadia, mwanamke safi anayezungumza kana kwamba kila neno limepigwa pasi.

"Ndugu Hamduni," aliita, "tafadhali shuka. Umefariki."

Hamduni alichungulia. "Nimefariki lini?"

"Jana, saa tisa alasiri, kwa saa za Uingereza."

"Jana alasiri nilikuwa sokoni, Bi Afisa. Mjumbe huyu hapa aliniona."

Bi Leokadia alinigeukia. Nilisema nilimwona, ila sikuangalia saa. Ndivyo nilivyosema. Hamduni akashuka ngazi taratibu, akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama mbele yetu kama mtu aliyeitwa shuleni kwa mwalimu mkuu.

Fomu ilikuwa na sehemu ya chanzo cha kifo. Kuanguka kutoka juu ya farasi, alisoma Bi Leokadia. Hamduni akasema hajawahi kupanda farasi. Bi Leokadia alikuwa mtu wa haki, akafuta farasi akaandika punda. Kisha akamwomba marehemu aweke dole gumba pale penye alama, kuthibitisha kuwa taarifa zake ni sahihi.

Bi Truda alikuwa ametoka barazani, kofia bado kichwani. "Bi Leokadia, mwenzangu," alisema, "huyu si ndiye huyu? Si anapumua?"

"Bibi, hakuna anayekataa kwamba anapumua," alisema Bi Leokadia kwa upole kabisa. "Wizara haina ugomvi na pumzi zake. Lakini wajina wako amefiwa. Yeye amevaa weusi wa msiba, halafu wewe ukae hapa na mume? Utamtazamaje usoni?"

Bi Truda alikuwa mtu mwenye adabu, na kwa mila yetu wajina akifiwa huwezi kusema hayakuhusu.

Ilibaki sehemu ya shahidi. Hamduni alinitazama. "Mjumbe, na wewe unagonga?"

Nilimwambia mhuri si wangu, ni wa serikali, mimi nimeupakata tu. Nikagonga. Niliona aibu, nasema wazi, na wino ulikuwa mwingi ukamwagika kwenye kanzu yangu.

* * *

Mazishi yalifana. Jeneza lilipimwa likaonekana jepesi mno kwa heshima ya taifa, kwa hiyo wakaweka ndani vifaa vya marehemu vyote, nyundo, mkasi wa bati, chuma cha kulehemu na fuawe. Waliobeba walitoka jasho, na Waziri akaridhika. Shehe wa msikiti wetu aliitwa asalie. Akauliza maiti iko wapi. Hamduni, aliyekuwa akipanga mabenchi, akanyanyua mkono. Shehe akavaa viatu vyake akaenda zake, na kwenye ripoti imeandikwa alipata udhuru.

Waziri Mbogoni alihutubia.

"Ndugu waombolezaji! Leo tumepata pigo, na pigo hilo limefika kwa wakati! Kati ya kifo cha Uingereza na kifo chetu zimepita saa ishirini na sita tu. Nitajieni nchi nyingine iliyofikia hapo! Marehemu Hamduni alikuwa mume mwema, fundi hodari, hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Ameondoka wakati taifa linamhitaji. Ameondoka bila kinyongo!"

Watu waliangua kilio. Wake za majirani walijitupa chini. Nikageuka, nikamwona Hamduni na sahani ya pilau mkononi, analia kuliko wote. Nilimuuliza kulikoni.

"Mjumbe," alisema, "miaka yote hii sikujua kama walikuwa wananipenda hivi."

Baada ya pilau akataka kuingia ndani kwake. Bi Leokadia akasimama mlangoni. Mjane yuko edani, alimweleza, na wakati wa eda haonwi na mwanaume asiye maharimu wake. Hamduni akasema yeye ni mumewe. Bi Leokadia akasema mumewe yuko kaburini, watu mia nne wameshuhudia, na akamwomba kaka mgeni asiharibu jina la mjane mchanga. Kutoka ndani tulimsikia Zena akiita, "Baba, ingia, uji unapoa." Hamduni akasimama pale akitazama kizingiti. Sisi tuliokuwepo tulitazama miguu yetu.

Kwa mila zetu eda ni miezi minne na siku kumi. Kwa mila za binti mfalme, weusi ni mwaka mzima. Kamati ilikaa siku tatu kulinganisha, ikachagua mwaka, kwa sababu mwaka ni wa heshima zaidi. Hamduni nilimpa kibanda cha uani kwangu.

* * *

Alikwenda Ofisi ya Vizazi na Vifo kuomba awe hai. Nilimsindikiza. Karani alimpokea vizuri, akampa kiti, akampa pole ya msiba. Akaeleza kuwa malalamiko ya marehemu yanapokelewa, serikali haibagui, ila lazima yaletwe na ndugu wa karibu, yaani mjane. Mjane je, anaweza kutoka? Hawezi, yuko edani. Karani anaweza kumfuata nyumbani? Hawezi, ni mwanaume. Kuna karani wa kike? Yupo, lakini yuko likizo ya uzazi, maana yeye si wajina wa mtu.

"Kwa hiyo nifanyeje?" Hamduni aliuliza.

"Pumzika," alisema karani. Nadhani alisema kwa mazoea, ndivyo wanavyowaambia marehemu.

Lakini mimi nina macho ya kusoma maandishi madogo. Nilisoma nikagundua kifungu cha kumi na nne cha kanuni za Wizara: ikiwa binti mfalme ataolewa tena, nafasi ya mume wa wajina itatangazwa wazi, na mwanaume yeyote mwenye afya anaweza kuiomba. Nilimpelekea Bi Leokadia nikamuuliza kama "yeyote" ni pamoja na aliyefariki. Alifikiri siku mbili. Akaandika kwamba kanuni haikatazi, mradi alete cheti cha daktari.

Toka siku hiyo mtaa mzima ukawa na kazi moja tu, kumtafutia mume binti mfalme wa Uingereza. Bi Truda, ambaye zamani habari za kifalme zikianza alikuwa anasinzia, sasa aliilalia redio. Ikisemwa binti mfalme kaonekana kwenye tamasha la muziki amekaa karibu na jenerali mmoja mrefu, tunachinja kuku. Ikisemwa jenerali ana mke wake, tunashinda kimya. Mke wangu alichambua picha za magazetini akitafuta dalili. "Hapa ametabasamu," alikuwa anasema, "na pale pembeni kuna mwanaume mwenye miwani. Haiwezi kuwa bure."

Hamduni alijiandaa. Alinyoa, akaazima koti, akapata cheti cha daktari kinachosema ni mzima isipokuwa uchovu. Kila asubuhi alikuwa anafanya mazoezi ya kubisha hodi kwenye mlango wa kibanda changu, kama mchumba.

Siku moja Bi Truda aliniita nimwandikie barua. Yeye alikaa nyuma ya pazia, mimi upande huu na kalamu. Alisema hivi, na mimi sikuongeza neno:

"Mpendwa wajina wangu. Mimi sijambo, natumai nawe hujambo. Nakupa pole ya msiba, tena pole ya kweli, kwa sababu najua mume anavyokosekana, hasa asubuhi, unapoweka vikombe viwili halafu unarudisha kimoja. Wote huku tunakusifu jinsi unavyovumilia. Lakini wajina, miaka arobaini na moja si uzee. Olewa. Usiogope maneno ya watu. Akitokea mwanaume mpole asiyepiga kelele, mkubali, hata akiwa na kipara, hata kama hajui kupanda farasi. Sijakusumbua kwa lolote tangu tuzaliwe. Nakuomba hili moja tu, kama dada yako. Zena anakusalimia."

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, karatasi nene ya kupendeza. Mtu wa ofisini kwa binti mfalme aliandika kwamba amepewa amri ya kushukuru sana kwa salamu za rambirambi. Wizara iliiweka barua kwenye fremu, ikaitundika barazani kwa Bi Truda, na watu wakaja kutoka mikoani kuitazama.

* * *

Mwaka ulipokwisha tulikusanywa kiwanjani. Ilijulikana kwamba binti mfalme atavua weusi na atazungumza kwa redio. Vipaza sauti vilifungwa kwenye nguzo. Bi Truda alikaa jukwaani karibu na Waziri, amevaa weusi wake wa mwisho. Hamduni alisimama kati yetu na koti la kuazima, cheti cha daktari mfukoni. Nilimshika mkono.

Sauti ilitoka, laini, ya mbali, ya kupendeza kweli, siwezi kukanusha. Mtangazaji wetu akatafsiri kipande kwa kipande. Binti mfalme alishukuru watu wote. Alisema mwaka umekuwa mgumu. Alisema mumewe alikuwa rafiki yake mkubwa. Kisha akasema ameulizwa mara nyingi kuhusu maisha ya mbele, na jibu lake ni kwamba hataolewa tena. Atabaki mwaminifu kwa kumbukumbu ya marehemu mumewe mpaka siku ya mwisho wake.

Wanawake wakapiga vigelegele, huku wanalia. "Huyo ndiye mwanamke!" waliita. "Huyo kaumbwa!" Mke wangu alinikumbatia, machozi yananilowesha shingo, na ilimchukua muda kumkumbuka Hamduni. Alipokumbuka aliziba mdomo kwa mtandio.

Waziri Mbogoni alikuwa amesimama na kipaza sauti. "Mapenzi!" alinguruma. "Mapenzi yasiyozimwa na kaburi! Na sisi tunaye hapa, mbele ya macho yenu, mwanamke wetu ambaye naye hataolewa kamwe!"

Bi Truda alisema kitu, lakini hakuwa na kipaza sauti. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nikamsikia. Alisema, "Na mimi je?" Waziri akampa mkono wa pongezi. Na kwa kuwa alikuwa anatazamwa na watu elfu tatu, na bega limeshazoea, Bi Truda akapunga mkono.

Watu wote walipiga makofi. Hamduni alikuwa katikati ya watu, kila aliye karibu naye anapiga makofi na kumtazama. Naye akapiga.

* * *

Mjane sasa aliweza kutoka, lakini karani alisema aliyetangazwa kubaki mwaminifu kwa marehemu hawezi kulalamika kwamba marehemu yu hai. Nilimtafutia Hamduni kazi. Ni hilo tu nililoweza, na sidai shukrani. Nilimwandikia barua ya utambulisho kama "mtu mmoja mwaminifu", kwa kuwa jina lake lilikuwa limeshatumika, akaajiriwa kufagia makaburi ya taifa. Binti mfalme huzuru kaburi la mumewe kila Jumapili, na inasemekana hukaa dakika kumi akizungumza naye. Kwa hiyo Bi Truda naye huletwa kila Jumapili, dakika kumi, na kaburi lazima liwe limefagiliwa.

Bi Leokadia si mtu mbaya. Alijua vizuri nani anashika fagio. Aliandika kwa ubalozi wetu kuuliza kama mume wa binti mfalme, anaposemeshwa, huwa anajibu. Ubalozi ulifuatilia, ukaleta majibu kwa maandishi kwamba hajibu.

Jumapili iliyopita nilikuwepo kama shahidi. Bi Truda alisimama mbele ya jiwe, ua moja mkononi. Fagio lilikuwa hatua nne nyuma yake.

"Baba Zena," alisema, akilitazama jiwe, "Zena ameanza kupika chapati. Zinatoka ngumu, lakini anazipika."

Fagio lilisimama kidogo, likaendelea.

"Kitanda nimekisogeza dirishani. Kule kwa zamani nilikuwa silali."

Bi Leokadia alitazama saa yake. Bi Truda aliweka ua chini, akalinyoosha, akalinyoosha tena ingawa lilikuwa limenyooka.

"Umekonda," alisema kwa sauti ndogo. "Baba Zena, leo umekula?"

Nilimwona Hamduni akifungua mdomo. Bi Leokadia akakohoa. Hamduni akainama, akaendelea kufagia.